Simu Ikiinama, Chombo Kinalala: Uchambuzi wa Kisa cha Gemu ya Ngalawa

## Watu na gemu yenyewe

Kisa hiki ni cha vijana wanne waliotengeneza gemu ya simu katika mji mmoja wa mwambao wa Tanzania. Nimeondoa jina la gemu, jina la mji na majina yao, na mambo mawili matatu ambayo yangewatambulisha nimeyabadilisha. Mfuatano wa matukio na sababu za kila uamuzi nimeviacha kama vilivyokuwa.

Watatu walisoma chuo pamoja: mmoja anaandika kodi (msimbo wa programu), mmoja anachora, mmoja anashughulikia sauti. Wa nne, kiongozi wao, hakusomea kompyuta. Alilelewa na wajomba zake wavuvi na alipanda ngalawa kabla hajajua kusoma. Wazo lilikuwa lake. Alitaka gemu ya mashindano ya ngalawa, yale ya sikukuu, ambapo ufuko mzima unajaa watu na kila kijiji kina chombo chake cha kukishangilia. Alitaka mtu wa Dodoma au Tabora, asiyewahi kuonja maji ya chumvi, ahisi tanga likijaa na mrengu, ule mti wa ubavuni unaozuia chombo kisipinduke, ukipaa juu ya maji.

Mimi niliingia baadaye. Kazi yangu ni kujaribisha gemu kwa watu kabla hazijatoka, na waliniita toleo la kwanza lilipokamilika. Walitaka kujua kwa nini ndugu na marafiki walikuwa wanasifia picha halafu hawarudi kucheza.

## Kwa nini simu iinamishwe

Toleo hilo la kwanza halikuwa na kitufe hata kimoja kiooni. Ukiinamisha simu kushoto au kulia, ngalawa inageuka. Ukiilaza mbele au nyuma, unalegeza au unakaza demani, ile kamba ya tanga. Maji yakiingia chomboni, unatikisa simu ili kuyafua. Kazi tatu, kihisi kimoja.

Hawakulifanya hilo kwa ulimbukeni. Vitufe vilivyochorwa kwenye kioo kweli ni vibaya kwa mchezo wa kasi. Padi ya PlayStation, kile kishikio chenye vitufe, ina kingo ambazo dole gumba linazijua bila msaada wa macho. Kioo ni laini kila mahali, na dole likiteleza nusu sentimita mchezaji hajui mpaka chombo kiende mrama. Isitoshe, madole mawili yanaziba sehemu ya picha, na kwenye simu ndogo sehemu hiyo ni kubwa.

Sababu ya pili ilikuwa ya moyoni zaidi. Kiongozi aliwahi kuona Wii nyumbani kwa binamu yake. Mashine hiyo ya Nintendo ilitoka mwishoni mwa 2006, na rimoti yake ilikuwa na kihisi cha mwendo: ukirusha mkono kama mcheza tenisi, mchezaji wa kwenye televisheni anapiga mpira. Aliona shangazi yake, ambaye hakuwahi kushika padi maishani, akiwafunga watoto. Wii iliuzwa zaidi ya milioni 101 duniani, na watu wengi waliotengeneza gemu miaka ile walitoka na hitimisho moja na yeye: mwendo wa mkono ni bora kuliko kitufe. Hitimisho hilo lina ukweli ndani yake, lakini lilikosa jambo lililoifanya tenisi ile ifanye kazi, nami nitalirudia mbele.

Mwandika kodi alikuwa na sababu yake pia, ya kawaida kabisa: simu yake ilifanya yote hayo vizuri.

## Majaribio ya kwanza

Tulitafuta watu 11 na tukawapa gemu bila maelezo yoyote, kila mmoja kwenye simu yake mwenyewe. Hili la simu yake mwenyewe nalisisitiza kwa kila kikundi ninachofanya nacho kazi. Wengine walicheza ndani, wengine chini ya mwembe karibu na kibanda cha miwa, na watatu tulipanda nao daladala. Tuliwarekodi kwa ubavu, ili tuone kioo, mikono na mabega kwa pamoja.

Ndani ya chumba, mambo yalikuwa nusu kwa nusu. Kwenye baadhi ya simu ngalawa ilitii. Kwenye nyingine ilichelewa, mchezaji anainamisha, anasubiri, anazidisha, halafu chombo kinageuka kupita kiasi. Kijana mmoja alijilaza chali kwenye godoro, simu juu ya uso, na tanga lake likabaki limelegea mbio nzima, kwa kuwa gemu ilidhani ameilaza simu nyuma kabisa. Hakujua kosa ni lipi. Aliona tu kwamba kila mtu anampita.

Ilipofika kwenye kufua maji, karibu wote walipotea. Ukitikisa simu, kihisi kilekile kinachosoma usukani kinatikiswa nacho. Chombo kilirukaruka kama kimepandwa na pepo, na mara mbili nilimwona mchezaji akifua maji kwa bidii huku ngalawa yake ikijipeleka kwenye mwamba.

Chini ya mwembe, dada mmoja aliyekuja kununua juisi alicheza dakika tatu akairudisha simu. "Kaka, hii gemu nzuri, lakini kila nikiinamisha napata jua la macho. Nageuza ngalawa au natafuta kivuli?" Kiongozi aliiandika sentensi hiyo nzima kwenye daftari lake. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria jua, nasi tunaishi pwani.

Kwenye daladala hapakuwa na mchezo tena. Dereva akikata kona, ngalawa inakata kona yake. Akikanyaga breki, tanga linalegea. Kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, gemu iliamini kwamba mchezaji anafua maji wakati wote. Na daladala ndimo walimotarajia gemu ichezwe zaidi, kwa sababu ndimo watu wenye dakika 40 za kungoja na simu mkononi walimo.

Kati ya wale 11, watatu ndio waliomaliza mbio ya kwanza.

## Kilichokuwa kinatokea ndani ya simu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaotumia kihisi hiki hawajui kinapima nini.

Karibu kila simu janja ina akselerometa, kichipu kinachopima mchapuko, yaani mwendo unavyobadilika. Watu hudhani kinapima kuinama. Hakipimi kuinama. Kinahisi mvutano wa dunia, ambao ni mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, na programu inakisia simu imeinama kiasi gani kwa kuangalia mvutano huo unaelekea upande gani wa simu. Simu ikiwa imetulia, makisio hayo ni sahihi. Ikiwa ndani ya gari linalokimbia, kihisi kinajumlisha mvutano wa dunia na mchapuko wa gari, na hakina njia ya kuvitenganisha. Breki ya kawaida ya basi, tuseme mita 3 kwa sekunde kwa sekunde, inasomeka kama simu iliyoinamishwa karibu digrii 17. Katika gemu yao, digrii 25 ndizo zilikuwa usukani mzima au tanga zima. Kwa hiyo dereva wa daladala alikuwa anashika theluthi mbili ya chombo.

Simu nyingi za bei ya juu zina kihisi cha pili, jairoskopu, kinachopima kasi ya kuzunguka. Kikiunganishwa na akselerometa, programu inapata usomaji mzuri na wa haraka. Simu ya mwandika kodi ilikuwa nacho. Simu nyingi za bei nafuu, zile ambazo wachezaji wao wanazo, hazina. Kwenye simu hizo gemu ilibaki na akselerometa peke yake, na kwa kuwa usomaji wake una mtetemeko, aliuchuja: kila usomaji mpya aliuhesabu kwa sehemu moja ya kumi, na sehemu tisa zilizobaki akazichukua kwenye ule wa zamani. Chujio hilo linatuliza picha, lakini linakula muda. Kwa usomaji 50 kila sekunde, mkono wa mchezaji unatangulia chombo kwa karibu sehemu mbili za kumi za sekunde.

Halafu tukagundua kwamba usomaji haukuwa 50. Android inamruhusu mtengenezaji achague kihisi kisomwe kwa kasi gani. Kiwango cha kawaida, kilichokusudiwa kutambua kama simu imelazwa au imesimamishwa, ni kila milisekunde 200. Kiwango cha gemu ni kila milisekunde 20. Alikuwa ameacha cha kawaida. Kwenye njia ya jairoskopu alikuwa ameweka cha haraka, na kwenye njia ya simu za kawaida, ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuicheza, alisahau. Kwa usomaji mitano tu kila sekunde, chujio lilelile likawa linachelewesha chombo karibu sekunde mbili. Mstari mmoja wa kodi. Aliurekebisha palepale, na nusu ya malalamiko ikaisha siku hiyo.

Nusu. Kijana wa godoroni, dada wa juani na abiria wa daladala walibaki na matatizo yao yaleyale.

## Mabishano

Jioni tulikaa kujadili, na hapakuwa na mtu aliyekosea kabisa. Mwandika kodi alitaka gemu iruhusiwe kwenye simu zenye jairoskopu pekee, naye angeongeza ukurasa wa kurekebisha mkao kabla ya kila mbio. Mchoraji alitaka kihisi kitupwe chote. "Weka vitufe, watu wamevizoea, tumalize kazi," alisema, na alikuwa na haki ya kuchoka; alikuwa amechora kila kitu upya mara mbili.

Nilimpinga wa kwanza kwa sababu kuzuia simu zisizo na jairoskopu kungewatoa watu walewale waliotengenezewa gemu. Kuhusu wa pili sikuwa na jibu. Kama ningelazimishwa kuchagua usiku ule, ningechagua vitufe.

Kiongozi ndiye aliyeomba tuangalie zile rekodi za ubavu kwanza.

Tulizitazama bila sauti. Kwenye kona, mabega ya wachezaji hayakusogea. Mikono iliinamisha simu kwa sababu gemu ilidai, lakini mwili haukuwa na habari, na madole gumba ya watu watano au sita yalikuwa yanapapasa kioo, yakitafuta cha kusukuma. Upepo wa ghafla ulipopiga, chombo kilipolala na mrengu wa upande wa pili kuinuka, mambo yalibadilika. Binti mmoja wa miaka kama 14 aliinama na mwili wote kuelekea joshini, upande upepo unakotoka, mpaka akamgusa aliyekaa naye. Gemu haikumwambia ainame. Toleo lile halikuwa na amri yoyote ya kuinama wakati wa upepo. Chombo kilikuwa kinalala na kuinuka chenyewe, kama pambo. Tukarudisha nyuma, tukatazama wengine. Wanane kati ya 11 walifanya hivyohivyo, wengine kwa mabega, wengine kwa shingo tu.

"Huyo yuko mrenguni," kiongozi alisema.

Akatueleza jambo ambalo kwake lilikuwa la kawaida mno kiasi kwamba hakuwahi kulifikiria kama sehemu ya gemu. Kwenye ngalawa ya mashindano, usukani una mtu wake na demani ina mtu wake, na hao wanafanya kazi kwa mikono. Wengine ni uzito. Upepo ukiongezeka wanatoka nje, wanakaa juu ya mrengu wa joshini ili chombo kisipinduke na tanga lisilegezwe. Ukilegeza tanga unapoteza mwendo. Ukitoa watu nje unaubakisha. Mbio nyingi huamuliwa hapo. Alikuwa ameipa simu kazi ya usukani na ya kamba, kazi za mikono, na kazi pekee ya mwili mzima akaiacha ijiendeshe.

## Walichoamua

Usukani ulihamia kwenye dole gumba la kushoto. Hawakuchora kitufe, mchezaji anagusa popote kwenye nusu ya kushoto ya kioo na pale alipogusa panakuwa kati, kisha anasukuma upande. Kwa hiyo dole haliwezi kukosa kitufe, kwa kuwa hakuna kitufe cha kukosa. Demani ikawa ya dole la kulia, kuvuta chini na kuachia. Kufua maji kukawa kugonga kioo haraka mahali maji yanapoonekana, na kule kutikisa kukafutwa kabisa.

Kuinamisha simu kulibaki na kazi moja: kutoa watu mrenguni upepo unapopiga.

Uamuzi huu ulifanywa kwa ajili ya hisia, lakini ulimaliza pia matatizo ya kiufundi ambayo mwandika kodi alikuwa amejiandaa kupambana nayo kwa wiki kadhaa. Upepo wa ghafla kwenye gemu unadumu sekunde mbili au tatu. Kwanza maji yanakuwa meusi upande mmoja, sauti ya tanga inabadilika, ndipo unapiga. Mwandika kodi akapendekeza mkao wa simu uchukuliwe kama sifuri wakati ule maji yanapokuwa meusi, na kinachopimwa kiwe ni mabadiliko tu kuanzia hapo. Ukiwa umelala chali, umekaa au umesimama kwenye foleni ya benki, sifuri yako ni vile ulivyo. Ukurasa wa kurekebisha mkao haukuhitajika tena. Digrii 25 zikashuka kuwa 12, kwa sababu sasa hapakuwa na haja ya kupima usukani wote kwa undani, ila kujua tu kama mtu ameinama na kwa kiasi gani, kidogo au sana. Na kioo kikiinama digrii 12 kwa sekunde mbili, jua halimpati mchezaji kama mwanzo.

Mchoraji aliongeza kitu ambacho nilikiona kidogo nikajua baadaye ni kikubwa. Simu inapoinama, picha inazungushwa kinyume kwa kiasi kilekile, ili mstari wa bahari ubaki sambamba na ardhi halisi. Ngalawa na watu wake wanainama, bahari haiinami. Hapo ndipo watu walianza kusema wanahisi wako majini.

Waliongeza pia njia ya kucheza bila kuinamisha kabisa, ambapo dole la tatu au mguso wa pembeni unatoa watu mrenguni. Mjadala kuhusu hili ulikuwa mfupi kuliko unavyostahili. Kiongozi aliliona kama kushindwa. Mimi nilisema kuna watu wanaocheza simu ikiwa mezani, kuna wenye mkono mmoja, kuna wenye mikono inayotetemeka, na gemu haina sababu ya kuwafungia mlango. Alikubali, ila njia hiyo ikawekwa ndani ya ukurasa wa mipangilio, chini kabisa.

## Matokeo

Mzunguko wa pili wa majaribio ulikuwa na watu 12, wengi wao wapya. Wawili tu hawakumaliza mbio ya kwanza, na mmoja wao ni kwa sababu alifika kituo chake. Ucheleweshaji haukutajwa na mtu. Kwenye daladala ngalawa ilikwenda ilikoelekezwa; kona kali ikigongana na upepo wa ghafla bado inaharibu, lakini hilo hutokea mara chache na mchezaji hulichukulia kama bahari mbaya.

Gemu ilitoka, ina wachezaji wake, na haijawatajirisha. Wanaendelea kuiongezea vyombo.

Kasoro moja ilijitokeza baada ya kutoka. Mchezaji mmoja aliwaandikia kwamba amevunjika mkono, gemu anaipenda, lakini hawezi kupita mbio ya tatu kwa sababu ya upepo. Njia ya bila kuinamisha ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Hakuiona. Baadaye waliihamisha ikawa swali la kwanza gemu inapofunguliwa, kwa maneno mawili na picha.

## Kilichofaa na kilichoharibika

Sifa kubwa naipeleka kwenye zile rekodi za ubavu. Kama tungerekodi kioo peke yake, kama vikundi vingi vinavyofanya, tungeona chombo kikienda ovyo na tungerekebisha chombo. Bega la yule binti lisingeonekana. Ukitaka kujua kihisi cha mwendo kipewe kazi gani, tazama mwili unafanya nini bila kuombwa, na hilo linaonekana tu kamera ikiwa inamtazama mtu.

Hapa narudi kwenye tenisi ya Wii. Shangazi hakushinda kwa sababu mwendo ni bora kuliko kitufe. Alishinda kwa sababu mchezo ule ulimwondolea kazi zote isipokuwa moja. Mchezaji wa kwenye televisheni anakimbilia mpira mwenyewe. Mtu anayecheza anapiga tu. Kihisi kilipewa pigo, ambalo mkono wa kila mtu unalijua, na miguu ikaachiwa mashine. Waliochukua "mwendo" bila kuchukua ule ugawaji wa kazi walipata taabu. Mfano ninaoutaja mara nyingi ni Lair, gemu ya PlayStation 3 ya mwaka 2007, iliyomtaka mchezaji arushe joka kwa kuinamisha padi, na kijiti cha padi hiyohiyo kikaachwa bila kazi ya kurushia. Mwaka uliofuata waliongeza sasisho lililorudisha kijiti. Kosa lake na la toleo la kwanza la ngalawa ni ndugu: kazi ya mfululizo, ya undani, ya dakika nyingi, imepewa kihisi ambacho hakina mahali pa kupumzikia mkono.

Kinyume chake ni Splatoon ya 2015, gemu ya kurushiana rangi kwenye Wii U, mashine iliyoifuata Wii. Kijiti kinageuza mtazamo kwa miondoko mikubwa, kuinamisha kunasawazisha shabaha kwa miondoko midogo, na kuna kitufe cha kurudisha mtazamo katikati wakati wowote. Asiyetaka anazima. Vijana hawa walifika kwenye muundo wa namna hiyohiyo kwa njia yao, kupitia mrengu, na ninaamini walifika mahali pazuri zaidi kwa gemu yao kuliko kama wangeiga. Splatoon inahitaji mkono utulie. Ngalawa inahitaji mwili uinuke kitini.

Ule uamuzi wa kuchukua sifuri upya kila upepo unapoanza unastahili kuigwa hata na wasiotengeneza gemu za vyombo. Vihisi vya mwendo hupotea taratibu: akselerometa inadanganywa na gari, jairoskopu inakusanya makosa madogo madogo kadiri muda unavyopita. Ukiipa kazi ya sekunde mbili na kuanza upya, makosa hayapati muda wa kukua. Ukiipa kazi ya dakika tano, utaandika machujio mpaka usiku wa manane.

Makosa sasa. La kwanza ni la simu moja. Mtu aliyeandika kodi alijaribu kwenye simu bora kuliko za wachezaji wake, na kosa la milisekunde 200 likajificha miezi mitatu kwenye njia ambayo hakuipita. Simu mbili za bei nafuu za mitumba zingegharimu kidogo kuliko wiki moja ya kazi waliyoipoteza.

La pili ni kutikisa ili kufua maji. Kila mmoja wao alijua kwamba halifanyi kazi, tangu kabla sijafika. Lilibaki kwa sababu lilikuwa la kuchekesha kwenye maonyesho: ukimwonyesha mtu gemu kwa dakika moja, kutikisa kunamfurahisha. Furaha ya dakika moja iliwapotosha wengi wakubwa kuliko wao. Kinect ya Microsoft, kamera iliyosoma mwili mzima bila padi, ilitoka Novemba 2010 na iliuza milioni 8 ndani ya siku 60. Gemu za kucheza muziki ziliifaa sana, kwa sababu mwili unaocheza ndio mchezo wenyewe. Lakini mkono uliochoka kuning'inia hewani kwa ajili ya kuchagua menyu haukuwa mchezo wa mtu yeyote. Xbox One, mashine ya gemu ya Microsoft, ilipotoka 2013 ikiwa na Kinect ndani ya boksi, bei ilikuwa dola 499. Juni 2014 ikaanza kuuzwa bila Kinect kwa dola 399, na watu wengi wakachagua hivyo.

La tatu ni letu sote, na mimi nikiwemo, kwa sababu nilibishana kuhusu njia ya bila kuinamisha kisha nikaridhika ilipofichwa chini ya mipangilio. Nintendo ilipotoa upya gemu yake ya Skyward Sword kwenye mashine ya Switch mwaka 2021, iliongeza njia ya kucheza kwa vijiti na vitufe, miaka kumi baada ya toleo la 2011 kumdai kila mchezaji apige upanga kwa mkono. Kuna watu waliosubiri miaka hiyo yote. Mchezaji wetu mwenye mkono uliovunjika alisubiri wiki chache, na hakustahili hata hizo.

Sasa wako kwenye jambo jipya, mtetemo. Mota ya mtetemo kwenye simu za bei nafuu ni kijiuzito kinachozungushwa. Inachelewa kuanza na haiwezi kugonga kwa upole kama mota za padi ya PlayStation 5. Kwa hiyo hawakuanza kwa kuuliza iteteme lini. Kiongozi alikwenda kijijini kwao wikendi moja, akapanda chombo cha mjomba wake, akakaa mrenguni macho yamefumbwa. Aliporudi alisema kwamba mrengu ukiwa majini unatetema wakati wote, kidogo, mpaka unausahau, na unapopaa ule mtetemo unakatika na tumbo linajua kabla ya macho. Toleo wanalojaribu sasa linatetema taratibu upepo unapoanza kuongezeka na kunyamaza ghafla mrengu unapoacha maji. Mwandika kodi analalamikia betri, na bado hawajakubaliana.